Nilitia Dawa ya Madebe Mia Sita

Kosa ni langu. Nalisema hapa mwanzo ili mtu asisome hadi katikati akadhani natafuta wa kumbebesha. Wa kumbebesha nilikwisha kumpata, miaka minne iliyopita, na mzigo ule haukuwa wake hata kidogo.

Mimi si msomi. Niliishia darasa la sita. Barua hii nimeiandika mara tano na kuichana mara nne, maana kila nikiisoma naona mahali nimejipendelea. Hii ya tano naituma gazetini hivi hivi ilivyo. Mkiona nimejipendelea tena, mnisamehe, au msinisamehe.

Nakaa kijiji kimoja cha ujamaa huku Handeni. Jina sikitaji. Tulipohamia tulijenga wenyewe nyumba, kisima, na josho la kuogeshea ng'ombe, maana kupe walikuwa wakitumalizia ndama. Likatakiwa jina la mtu wa kuliangalia. Watu wakasema, huyu hapa anajua kusoma. Ndiyo mimi! Nikapelekwa Korogwe wiki mbili kujifunza.

Bwana mifugo alitufundisha vizuri, sina la kumlaumu. Alisema dawa ina ukali wake, na ukali huo si wa kukisia. Kopo moja la lita moja kwa madebe ishirini ya maji. Ukizidisha maji, kupe wanaoga wanakwenda zao. Ukizidisha dawa, unaua ng'ombe. Tangi letu likijaa huchukua madebe mia sita. Mia sita gawanya kwa ishirini ni thelathini. Makopo thelathini. Niliandika kwenye daftari na kupiga mstari chini yake mara mbili.

Siku iliyofuata alifundisha namna ya kuongeza tangi likipungua. Siku hiyo nilikuwa nimelala na homa, natetemeka chini ya blanketi mbili. Nilipopona nikauacha ukurasa mmoja mtupu kwenye daftari, nikasema nitamwuliza mwenzangu, nitanakili. Sikumwuliza. Niliona haya. Wenzangu wote walikuwa wa darasa la nane, na mimi kila nikinyanyua mkono naona kama wanatabasamu. Labda hawakuwa wakitabasamu. Sijui. Lakini ukurasa ule ulibaki mtupu, nikarudi nao nyumbani.

Sasa niwaambie habari za Yohana.

Yohana alikuwa mtu wa Kwashemshi, Mshambaa, aliyeshuka kwetu kwa sababu shamba la baba yake halikuwatosha ndugu. Alikuja na ng'ombe jike mmoja mwekundu aliyepewa na mama yake. Hakujua kusoma. Jioni alikuja darasa la watu wazima nililokuwa nafundisha, akiandika jina lake kwa mkono mzito kama anachimba shimo. Kijiji kikampa kazi ya kunisaidia joshoni. Kazi yake ilikuwa maji.

Siku ya kujaza, kila nyumba ilileta watu, madebe kichwani na mengine kwenye mizega, kutoka lamboni. Yohana alisimama ukingoni mwa tangi na kopo tupu la maziwa. Debe moja likimiminwa, punje moja ya mahindi inaingia ndani ya kopo. Debe likiwa halijajaa, anamrudisha mtu.

"Shemeji, debe lako lina upara," alimwambia mke wangu mbele ya watu wote. "Rudi ukalioteshe nywele."

Watu wakacheka mpaka maji yakamwagika. Mke wangu akarudi lamboni akimtukana kwa utani, na alipolileta limejaa, Yohana akatia punje mbili. "Moja ya debe, moja ya matusi." Kisha akaitoa ile ya matusi. Hesabu yake haikuchezewa.

Kila siku ya kuogesha, ng'ombe wake mwekundu ndiye alitangulia. Ng'ombe wakifika kwenye maji hugoma, lazima apatikane mmoja wa kuruka kwanza ndipo wengine wafuate. Yule hakusukumwa. Akisikia Yohana anapiga mluzi, anaruka puu! Kisha sisi wawili tulikaa juu ya ukuta wa josho tukala ugali wetu kwenye sahani moja. Mimi nilimtania kwamba kwao milimani maji yanateremka yenyewe ndiyo maana ana mikono laini. Yeye alinijibu kwamba Wazigua tukiona wingu tunasema mvua imenyesha. Sikuwa na rafiki mwingine kama yule. Nilikuwa sijui hivyo wakati ule. Nimejua baadaye.

Miezi ikapita. Ng'ombe walitoka na maji na dawa mwilini, tangi likashuka. Ikatangazwa siku ya kuongeza. Watu wakabeba, Yohana akahesabu, tangi likafika ukingoni. Ikawa zamu yangu ya dawa.

Nilifungua daftari. Ukurasa wa kuongeza, mtupu. Ukurasa wa nyuma yake: tangi likijaa, makopo thelathini. Nikatazama tangi. Si limejaa? Limejaa. Nikaanza kufungua makopo.

Nilipofika la kumi Yohana akanishika mkono.

"Mwenzangu, inatosha hapo."

"Kwa nini?"

"Maji mapya ni mia mbili. Punje hizi hapa. Yale ya chini yana dawa yake tayari, tuliitia sisi wenyewe. Ukiongeza maji kwenye mchuzi, chumvi unatia ya yale maji uliyoongeza. Hutii ya sufuria nzima."

Jamani! Mtu asiyejua kusoma alinipa somo zima lililonipita nikiwa na homa. Alinipa kwa maneno machache, bila kunicheka, tena kwa sauti ya chini ili watu wasisikie.

Nami nikampandishia sauti ili wasikie.

"Yohana, hii ni hesabu ya dawa, siyo mchuzi wa shemeji yako! Wewe hesabu maji. Daftari niachie mimi."

Wawili watatu wakacheka. Yohana akauachia mkono wangu. Nilifungua makopo mengine ishirini, moja baada ya jingine, na kila nililofungua moyo wangu uliuliza swali, na kila ulipouliza nilifungua la pili haraka zaidi. Nataka niwe mkweli hapa: sikujua kuwa nakosea. Lakini nilijua kuwa sijui. Hayo ni mambo mawili, na la pili ndilo lililonihukumu.

Asubuhi ya kesho yake tukaogesha. Yohana alipiga mluzi. Mwekundu akasita kidogo ukingoni, akanusa, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Yohana akanitazama. Nikatazama pembeni. Akapiga mluzi tena, na ng'ombe akamtii, akaruka.

Kabla ya adhuhuri alianza kutetemeka ngozi kama anafukuza nzi. Kisha miguu. Kisha mate. Akaanguka kando ya ukuta tuliozoea kulia ugali, akapigapiga kichwa chini. Yohana alikishika kichwa kile mapajani akimwita kwa Kishambaa. Wengine wakaanza kuanguka huko njiani na zizini. Mpaka jioni walikuwa wamekufa tisa. Mmoja katika tisa hao alikuwa mgonjwa tangu mwanzo, watu wanajua. Lakini mimi namhesabu.

Wa Bibi Mwanaidi alikuwa mmoja wao. Bibi huyu ni mjane, na ng'ombe yule ndiye aliyemnyonyeshea mjukuu aliyefiwa na mama. Alikuja joshoni na kibuyu chake cha maziwa kikiwa kitupu. Alikiweka tu juu ya ukuta mbele yangu, akakaa chini.

Siku iliyofuata nilikwenda peke yangu tangini, nikachukua kijiti nikachora chini ya mti, kwenye vumbi. Tangi zima, madebe mia sita, makopo thelathini. Yamepungua madebe mia mbili, yameondoka na makopo yake kumi. Yamebaki madebe mia nne yenye makopo ishirini. Nimeongeza maji mia mbili na makopo thelathini. Ishirini na thelathini, hamsini. Mia sita gawanya kwa hamsini...

Kumi na mbili! Kopo moja kwa madebe kumi na mawili, wakati lilitakiwa kwa ishirini. Nilirudia. Ikaja kumi na mbili. Nikafuta kwa mguu, nikachora tena upande wa pili wa mti, kama vile hesabu ingebadilika kivulini. Ikaja ile ile.

Basi kumbukeni jambo hili: siku ya mkutano nilikuwa nimekwisha kujua.

Mkutano ulikuwa alasiri ya siku ile ile, kijiji kizima, wanawake nyuma. Mwenyekiti alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa na hasira za watu tisa kichwani.

"Ndugu," akaniita, "dawa ya tangi hili ni kiasi gani?"

Nikasimama na daftari. "Dawa ya madebe mia sita ni makopo thelathini, Ndugu Mwenyekiti. Hiyo nilitia."

Ndugu wasomaji, ichunguzeni sentensi ile. Hakuna uongo ndani yake! Hata neno moja. Ndiyo ubaya wake. Kama ningesema uongo, pengine ulimi ungenikwama.

"Na maji?" akauliza. "Nani alihesabu maji?"

"Mimi, mzee," Yohana akasema.

"Ulitia mia sita?"

"Hapana, mzee. Mia mbili. Mahindi haya hapa." Akamimina punje mezani, akazihesabu moja moja mbele ya watu wote, kwa uaminifu wake wote, na kila punje ilimzamisha. Alipofika mia mbili punje zikaisha. Hakuna aliyehitaji kusikia zaidi.

"Mia mbili!" mtu akapaza sauti. "Dawa ya mia sita kwenye maji mia mbili!"

"Hamkunielewa. Yalikuwepo mengine chini. Ni kama mchuzi..."

"Mchuzi! Ng'ombe wetu wamekufa, yeye anatuletea mchuzi!"

Bibi Mwanaidi peke yake alisema, "Mwacheni amalize." Hawakumwacha.

Yohana akanigeukia. Hakunikasirikia. Alinitazama kama mwanafunzi anayemtazama mwalimu wake amsaidie neno lililomshinda. Ilikuwa zamu yangu tena. Neno moja tu: anasema kweli. Daftari lilikuwa mkononi mwangu, na hesabu ya kumi na mbili ilikuwa bado imechorwa kule kwenye vumbi, haijapata hata upepo.

Nikakaa.

Ole wangu! Kumbe kukaa tu kunaweza kuwa ushahidi.

Wakamtoa joshoni, wakampeleka shamba la kijiji. Watoto wakampa jina. Akipita, "Mia Mbili! Mia Mbili!" Alivumilia siku tisa, na siku ya kumi nyumba yake ilikutwa wazi, imefagiliwa, jembe la kijiji limeegeshwa mlangoni. Darasani kwangu ubao wake ulibaki na jina lake, nusu. Alikuwa amefika "Yoha".

Kopo lake la mahindi lilibaki kwenye meza ya mkutano. Nililichukua mimi. Sijui kwa nini. Pengine niliogopa mtu mwingine asije akalifikiria.

Bwana mifugo alipokuja, tangi tulikwisha kulimwaga shimoni. Mwenyekiti akamwambia mpima maji alikosea naye ameondoka. Bwana mifugo akaandika. Kisha akaliomba daftari langu, akaona ukurasa mtupu, akaujaza kwa mkono wake: dawa ifuate maji mapya tu. "Hili ulikuwa unalijua lakini?" akaniuliza. Nikaitikia kwa kichwa.

Nyumbani ndiko nilikokamatwa. Jioni ile ya mkutano mke wangu alipika maharage. Akanipa nionje, yalikuwa mazuri. Akaichukua sufuria mbele yangu, akaongeza vikombe viwili vya maji, akakoroga. Kisha akachota chumvi kiasi kile kile alichotia mwanzo, akaitia tena. Akanipakulia.

"Kula, mume wangu."

Nikatia mdomoni, nikatema. "Chumvi imezidi!"

"Imezidije? Chumvi ya sufuria nzima ni vijiko viwili. Hiyo nilitia."

Kwa sauti yangu mwenyewe ya mkutanoni! Kisha akakaa akinisubiri. Nadhani alinisubiri kwa muda mrefu sana, zaidi ya jioni ile. Mwaka wa pili alikwenda kwao Magoma kumwuguza mama yake, na mama alipopona hakurudi. Nilipomfuata alinipokea kwa heshima, akanipikia, chumvi sawasawa, akanisindikiza mpaka barabarani. "Ukishasema nitarudi," aliniambia. Simlaumu. Hakuniwekea sharti gumu, kama ningekuwa mwanamume kweli.

Nanyi mtauliza, je, kijiji kilinichukia? Hapana! Kilinipenda. Nikaongezwa ukatibu. Wanaleta ng'ombe, wananiamkia, wanaogesha, wanaondoka, nami nabaki juu ya ukuta na sahani yangu. Ugali wa mtu mmoja unapoa upesi, sijui kwa nini. Siku za kujaza nahesabu madebe kwa sauti kubwa, na hakuna anayenibishia. Wakati mwingine nakosea makusudi, nasema arobaini na saba halafu hamsini, nisikilize kama kuna atakayecheka. Wanabeba maji tu. Wananiamini.

Mwaka jana nilisikia Yohana yuko Ngombezi, anakata mkonge. Nikapanda lori mpaka Korogwe, nikatembea hadi kwenye kambi za wafanyakazi. Nilimkuta amekaa mlangoni pa chumba chake, anatoa miiba kwenye kiganja kwa pini. Pembeni yake, kopo. Ndani, punje za mahindi.

"Bado unahesabu?" nikasema. Miaka yote ile, neno nililopata ni hilo!

"Matita ya mkonge," akasema. "Nyapara akichanganyikiwa huja kuniuliza mimi. Karibu, kaa."

Alinipa uji. Alinipa mahali pake pa kukaa, yeye akakaa chini. Nikamwambia yote, ukurasa mtupu, homa, kijiti, vumbi, kumi na mbili. Nikamwambia nimekuja kumwomba radhi.

"Umewaambia?" akauliza.

"Nani?"

"Wale."

"Bado."

Akaendelea na mwiba wake mpaka ukatoka. Akautazama, akautupa.

"Ndugu yangu, mimi hukunipoteza hapa Ngombezi. Ulinipoteza kule mbele ya watu. Rudi ukanitafute kule."

Hakusema kwa ukali. Alinisindikiza mpaka mwisho wa kambi, tukapeana mikono, kiganja chake kigumu kama gome. Nilitaka nimtanie kuhusu mikono yake laini ya milimani. Nilishindwa.

Tangu siku ile imefanyika mikutano minane. Yote minane nimeiandikia mimi kumbukumbu, nami ni katibu. "Mengineyo: hapakuwa na neno." Nimeandika hivyo mara nane kwa mkono wangu.

Sasa nimewaandikia ninyi msionijua. Na ninajua Yohana akisomewa barua hii atasema nini. Atasema gazeti si ule mkutano.

Ninyi wenye kazi za dawa, joshoni, shambani, zahanati, nawaomba: maji mliyoongeza ndiyo yanayodai dawa, yale ya zamani yana yake. Mkiwa na ukurasa mtupu, ulizeni siku ile ile, hata wakitabasamu. Akikushika mkono mtu asiyejua kusoma, simamisha mkono kwanza, ndipo ubishane. Na ninyi mnaojisifu kwamba hamsemi uongo, chungeni sana! Mimi nilisema kweli tupu, nikamfukuza mtu kijijini.

Mkutano wa tisa ni Jumamosi hii. Siwaahidi kitu, nimejiahidi mara nyingi mno. Lakini leo nimelitoa kopo juu ya dari nikalifungua. Nimehesabu mara mbili. Punje ni mia moja na tisini na saba. Tatu zimeliwa na fukusi zikawa unga. Nilitaka kuukung'uta, kisha nikauacha, maana hata unga ule ni maji aliyoyahesabu Yohana. Kopo nimeliweka mlangoni, mahali ambapo siwezi kutoka bila kuliruka au kulibeba.